Kalamu ya Mwanga

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu ni ya kuku aliyekuwa akilia ndani ya kaseti. Hakuwa akilia kama kuku unayemjua wewe. Ulianza mluzi mrefu, mwembamba, ikafuata kelele ya kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, kisha mluzi tena, kisha kimya. Mjomba Sefu aliitia kaseti ile kwenye redio yake, akaniambia nisikilize vizuri kwa sababu yule alikuwa kuku wangu. Nilikuwa nimemchora mwenyewe, kwa mkono wangu huu, Jumamosi moja huko ofisini kwao Kibaha, na sasa alikuwa amelala ndani ya utepe wa kahawia akingoja kuamshwa. Nilikuwa na miaka kumi. Nilimwamini mjomba, lakini kwa jicho moja. La pili nililiacha wazi, maana ndivyo tulivyolelewa nyumbani kwetu Mlandizi, na hasa katika miaka ile ya mwanzo wa themanini.

Miaka ile kila mtu alikuwa akimtazama mwenzake. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya mgao, na mtu akionekana na shati jipya aliulizwa kwa tabasamu amelipata wapi, tabasamu ambalo halikuwa la kuchekea. Ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, watu waliokuwa na vitenge viwili vya akiba walivifukia shambani, na waliokuwa hawana kitu walikwenda kuchungulia mashamba ya wenzao kuona wapi udongo umetifuliwa. Nyumbani kwetu mkuu wa upelelezi alikuwa bibi, mama yao mama na mjomba. Alikaa barazani na ungo mapajani, akipepeta mchele na wapita njia kwa pamoja. Kesi yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya mwanawe wa mwisho, huyo mjomba Sefu, aliyekuwa akiishi nasi. Kosa lake lilikuwa kwamba alirudi kutoka kazini bila kunuka jasho. Mtu anatoka Kibaha saa tisa na nusu, jua linachoma, amening'inia nyuma ya lori, halafu ukimkaribia mgongo wa shati lake una ubaridi. Bibi alimnusa begani kila jioni, kisha akamtazama mama kwa namna ya kusema, umeona?

Ukweli wake ulikuwa mwepesi, ila ukweli mwepesi ndio usioaminika. Mjomba aliajiriwa kuwa tarishi katika mradi mmoja wa kupima bonde la mto Ruvu. Wakubwa wake walipogundua kwamba anajua kuchora, walimhamishia chumba cha ramani, na katika chumba hicho ikaja mashine. Ilikuwa na kioo kama cha televisheni, kitu ambacho wengi wetu tulikuwa tumekisikia tu, na mbele yake ubao wa herufi kama wa taipu. Mashine haikupenda joto, kwa hiyo chumba kiliwekwa kiyoyozi. Haikupenda vumbi, kwa hiyo kila anayeingia alivua viatu mlangoni. Haikupenda jua, kwa hiyo mapazia yalishushwa mchana kutwa. Mjomba aliyaeleza haya yote kwa bibi jioni moja, akidhani anajitetea. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akasema kwamba chumba chenye baridi na giza, ambamo mtu haingii na viatu, yeye anakijua, nacho hakiitwi ofisi, kinaitwa kilinge. Baada ya hapo mama alianza kufua mashati ya mjomba mbali na nguo zetu.

Mimi ndiye pekee nyumbani niliyepata kuingia humo. Jumamosi moja mjomba alinichukua, nikavua ndala zangu mlangoni, nikahisi saruji ikiniuma nyayo kwa baridi. Alikuwepo mtaalamu wa Kizungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Ramani, mtu mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kujifunza kitabuni. Alinishikisha kalamu nene yenye waya uliokwenda hadi kwenye mashine. Haikuwa na wino. Uliigusisha kwenye kioo, na pale ulipogusa pakawaka rangi. Rangi zilikuwa nane. Mistari haikukubali kupinda. Ukichora duara lilitoka na meno kama msumeno, na kuku wangu alitoka na mgongo wa ngazi, mtu angeweza kumpanda hadi kichwani. Nilifurahi hadi nikasahau baridi. Mjomba alimhifadhi kuku yule kwenye kaseti ya kawaida, maana mashine iliigeuza picha kuwa sauti, na baadaye ikaisoma sauti ile ikawa picha tena. Nilipouliza kitu kile kinaitwaje, Bwana Ramani alijibu kwa fahari ya mtu aliyeitafsiri mwenyewe: kalamu ya mwanga.

Mjomba aliinamisha uso akacheka, na mimi nilijua kwa nini. Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili ambavyo hata havisalimiani. Mwanga ni ule unaoingia dirishani asubuhi, na mwanga ni yule mchawi anayeingia bila kufunguliwa mlango. Kinachovitenganisha ni viambishi tu: mwanga huu, mwanga huyu; mwanga upi, mwanga yupi. Tulikuwa tumelisoma hilo darasani kwa fimbo, kwa hiyo sikulisahau. Mjomba hakumsahihisha mgeni. Alilipenda jina lile kwa utani wake, akarudi nalo Mlandizi, na huko akalifanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa ujasiri au upumbavu. Aliivisha bendi yake jina hilo.

Kijiji kilikuwa na magitaa mawili na ngoma moja kubwa, na vijana watano waliovitumia kila Jumapili jioni, mjomba akiwa wa gitaa la kwanza. Bendi za wakati ule zilijiita kwa miji yao au kwa idara zilizozilea. Mjomba alitaka jina la picha. Kwanza alipendekeza Rangi Nane, wenzake wakasema hilo ni jina la duka la kanga. Alipotaja Kalamu ya Mwanga walicheka hadi wakakaa chini, na kilichowachekesha ndicho walichokichagua. Waliliandika kwenye ngozi ya ngoma kwa herufi zenye ngazi, kama zilivyotoka kwenye kioo cha Kibaha. Mtindo wao wa kucheza waliuita Nukta: unacheza, unaganda ghafla, unacheza tena. Mwanzoni mwa kila wimbo mjomba alikwaruza nyuzi kwa sarafu, akaigiza kile kilio cha kuku wangu. Vijana wa vijiji vya Janga na Gwata walikuja kwa miguu kuwasikiliza. Wazee walikuja pia, wakasimama mbali, wakasoma kile kilichoandikwa kwenye ngoma, wakaondoka. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Katika msimu huohuo ndipo lilipoanza kutajwa jina la Mwajuma. Alikuwa binti wa huko Kisarawe, mjomba alimwona kwenye harusi ambako bendi ilialikwa, na baada ya wiki chache barua ya posa ikapelekwa. Nilimjua Mwajuma kwa picha ndogo ya paspoti ambayo mjomba aliitia mfukoni mwa shati. Sikuwa na ugomvi naye. Ugomvi wangu ulikuwa na Jumamosi. Mjomba aliniahidi kwamba nitarudi kwenye kalamu ile, nimpe kuku wangu vifaranga, na kila Jumamosi alitoka kabla sijaamka. Nikaanza kumchunguza kama nilivyofundishwa na bibi. Siku moja aliiacha redio kitandani, na betri zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi, zina nguvu. Niliipiga kaseti nikakisikiliza kile kilio cha kuku wangu kutoka mwanzo. Mluzi ulikuwa uleule, lakini mkwaruzo haukuwa wenyewe. Ulikuwa mrefu zaidi, mzito zaidi, hauishi. Kuku wangu hakulia hivyo. Niliiinua kaseti nikaitazama, na juu yake, kwa penseli, mjomba alikuwa ameandika herufi moja: M.

Nikapekua. Juu ya kitanda chake, nyuma ya shati lililotundikwa, nilikuta karatasi ndefu nyeupe, iliyochapwa na mashine ya Kibaha, imebandikwa ukutani kwa ugali wa jana. Karatasi safi kama ile hatukuwa nayo hata shuleni, tulipoandikia pande zote mbili na pembeni. Kingo zake zilikuwa na vitundu vidogo vilivyopangana juu hadi chini, na katikati palikuwa na uso wa Mwajuma uliotengenezwa kwa nukta nyeusi, maelfu ya nukta, ukiwa karibu hauoni kitu, ukirudi nyuma anakutazama. Ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililoniuma. Nilipiga hesabu ya Jumamosi zote zile na nikaona mjomba amemfuta kuku wangu ili apate pa kumlaza Mwajuma. Sikumwambia mtu. Nilikaa na hasira yangu kama mtu anavyokaa na jipu, nikiigusa kila mara kuona kama bado inauma.

Wenyeji wa pwani hawatoi binti kwa barua tu. Kabla ya jibu hutumwa mtu wa kuitazama nyumba, naye huja kwa sababu nyingine kabisa. Kwetu alikuja Bi Zena, shangazi yake Mwajuma, mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyopepesa, aliyeshuka kwenye lori lililopitia Mzenga na kusema amekuja kutafuta mbegu ya mpunga. Kila mtu alijua amekuja kufanya nini, na kila mtu alimzungumzia mbegu ya mpunga. Kwa siku mbili bibi na Bi Zena walipeana heshima na kuchunguzana, na mama alipika wali mara nne. Siku ya tatu ikasikika kwamba sukari imefika dukani. Mama na bibi wakakimbilia foleni, mjomba alikuwa kazini, nikaachwa na mgeni.

Bi Zena aliniomba ufagio. Kabla sijaenda kuutafuta alikuwa ameshaingia kuutafuta mwenyewe, na chumba alichokiingia kilikuwa cha mjomba. Nilimkuta amesogeza shati, amesimama mbele ya karatasi. Alikisogeza kidole chake juu ya vile vitundu vya pembeni, kimoja baada ya kingine, kisha akakileta juu ya nukta za uso wa binti yao bila kuzigusa.

"Nani kamchora hivi?"

Nikasema ni mjomba.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kalamu ya mwanga."

Aligeuka taratibu. "Mwanga yupi?"

Nimeishi na swali hilo miaka zaidi ya arobaini, kwa hiyo nisemeje kwamba sikulielewa? Nililielewa papo hapo. Lilikuwa na herufi moja iliyozidi. Nilichotakiwa kusema ni kidogo tu: siyo yupi, Bi Zena, ni upi, mwanga wa taa. Mtoto yeyote wa darasa la nne angelisema. Nilimwona kuku wangu mwenye mgongo wa ngazi. Nikainamisha macho, nikasema, "Sijui. Ila chumba chao wanaingia bila viatu."

Kila neno nililosema, ukiondoa lile la kwanza, lilikuwa kweli. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile ulijua pa kukata. Bi Zena alirudisha shati mahali pake, akanishika kichwa kwa huruma kama mtoto anayelala nyumba yenye msiba, na jioni ile akapanda lori. Mbegu ya mpunga aliisahau barazani.

Baada ya wiki moja walikuja wazee wawili kutoka Kisarawe, baba yake Mwajuma na kaka yake mkubwa. Mama alinisimulia baadaye yaliyotokea, na aliyasimulia mara moja tu. Mjomba alipoulizwa kuhusu kalamu alicheka, akawaambia, wazee wangu, ni mwanga huu, siyo mwanga huyu. Wao hawakucheka. Walisema basi twende ukatuoneshe, nalo lilikuwa ombi la haki. Aliwapeleka Kibaha siku ya Alhamisi, wakavua makubadhi yao mlangoni, wakaingia, na umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa, chumba kinafuka joto, Bwana Ramani ameshuka Dar kutafuta mafuta ya jenereta. Mjomba alimshikisha mzee kalamu ile, akamwomba aguse kioo. Mzee akagusa. Akagusa tena. Katika kioo cheusi hawakuona kitu ila nyuso zao wenyewe, nyeusi, zinawatazama. Wakasubiri hadi adhuhuri. Mjomba alizungumza sana, na kadiri alivyozungumza ndivyo alivyozidi kuonekana kama mtu anayeficha. Walipotoka, baba yake Mwajuma aliomba maji, akanawa mkono uliokuwa umeshika kalamu.

Jibu lilikuja kwa adabu zote za pwani. Hawakuwa na neno baya na kijana wetu, wala na nyumba yetu, ila binti bado mdogo. Udogo huo uliisha kabla ya miezi minane; tulisikia ameolewa na fundi cherehani wa huko Maneromango. Habari za kalamu zilikwisha tangulia kila mahali. Bendi ilikosa mialiko, kwani nani atamwalika mwanga harusini? Wenzake mjomba waliikwangua ngozi ya ngoma kwa kisu hadi wakaitoboa. Mwaka uliofuata mradi wa bonde ukafungwa, mashine ikatiwa kwenye masanduku ya mbao, na Bwana Ramani akaondoka akiwa hajui kwamba tafsiri yake ilikuwa imeshavunja posa. Mjomba alifungasha vitu vyake kwenda kulima Janga. Bibi alilia, akasema watu wa Kisarawe wana dhana mbaya. Nilimtazama bibi na ungo wake.

Asubuhi ya kuondoka mjomba aliniita, akanipa kaseti ile. Alisema hana kazi nayo tena, mashine ya kuisoma haipo, lakini nisiitupe. "Kuku wako yumo upande wa pili," aliniambia. "Nilimhamishia huko ili nisije nikamkanyaga." Aliigeuza kaseti, na kweli, upande wa pili, kwa penseli ileile, palikuwa na herufi ya jina langu, T. Mimi ni Tatu. Nilikuwa nimeisikiliza upande mmoja tu. Sikulia mbele yake. Niliogopa ataniuliza ninachokililia.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingi husema hivyo wakimtafuta mwizi wa nyumbani. Mimi sikutafuta, nilijua ni nani. Nilichoanza kukichunguza tangu siku ile ni uso wa mjomba. Kila Idi tulipokwenda Janga, kila msiba, kila alipochelewa kuitikia shikamoo yangu, nilimtazama kuona kama anajua. Alioa akiwa mtu mzima, akapata watoto wawili, akalima minanasi na mihogo, hakushika gitaa tena. Alikuwa mpole kwangu, na upole ule niliushuku kuliko ningeushuku ukali.

Leo nina duka Mlandizi, palepale kando ya barabara kuu, ninapotengeneza kadi za harusi kwa kompyuta. Cheka ukitaka, mimi mwenyewe huwa nacheka. Rangi sizihesabu, na duara likinitoka na meno ni kwa sababu nimetaka liwe na meno. Hakuna anayevua viatu, na vumbi la malori linaingia moja kwa moja. Watoto wanachora kwa kidole juu ya simu wakiwa wamekaa chooni, na picha zao hazilii zikihifadhiwa. Nimekwisha pewa kila kitu nilichokikosa nikiwa na miaka kumi, na jina la kitu kile limepotea kabisa. Sijamsikia kijana hata mmoja akisema kalamu ya mwanga. Dhana ndiyo haijapotea. Picha ya mtu inageuzwa kwa dakika moja, inasambazwa, ndoa zinavunjika, na wanaoulizwa hujibu kwa maneno ya kweli yaliyochaguliwa vizuri. Ninawafahamu wanavyofanya.

Mwezi uliopita nilikwenda Janga na binti yangu Rukia, anayesoma chuo. Alibeba kishikwambi chake kipya chenye kalamu yake nyeupe, isiyo na waya. Mjomba, ambaye sasa mkono unamtetemeka kidogo, alikitazama kwa muda, akaomba kukijaribu. Alichora mstari mmoja, ukapinda bila ngazi, akacheka peke yake. Rukia akamwambia kwamba anashika vizuri, kama aliyezoea. Mjomba akasema aliwahi kuwa nayo kalamu kama hiyo zamani, ya ofisini, ikiitwa kalamu ya mwanga.

Rukia akacheka. "Mwanga yupi tena, babu?"

Mjomba hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, bila hasira, kwa macho yaleyale niliyoyachunguza miaka yote, na safari hii hayakuficha kitu.

"Muulize mama yako," alisema.

Kuku wa kweli walikuwa wakiparura nyuma ya nyumba. Nilitaka kunyamaza. Nina uzoefu wa kunyamaza.

"Upi," nikasema. "Ni mwanga upi. Na nilijua, mjomba."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja. Kisha akamgeukia Rukia, akamnyooshea kalamu.

"Haya, mjukuu wangu. Sasa nioneshe namna kilichochorwa kinavyofutwa."